Filamu za Zamani za Roboti: Ipi Bado Inafaa Kuonyeshwa Leo?

Mtu anayetaka kuonyesha filamu ya zamani ya roboti mbele ya watazamaji wa leo, iwe katika klabu ya Kiswahili ya shule ya sekondari, katika ukumbi wa parokia au katika kibanda cha video cha mtaani, hukabiliwa na maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kama roboti yenyewe inaweza kutazamwa bila watu kuangua kicheko. La pili ni kama yale ambayo filamu inayasema kuhusu mashine bado yana uzito. Majibu ya maswali haya hayaendi pamoja, kwa kuwa ziko filamu ambazo roboti zake zimechakaa kama bati la paa kuukuu ilhali hoja yake ni mbichi, na ziko nyingine ambazo picha zake zinang'aa bado huku hoja yake ikiwa imekwisha makali. Mimi nimeipa hoja uzito kuliko picha, na ninaipima kwa swali hili: je, filamu inatuonyesha ni nani aliyeiagiza mashine, na kwa faida ya nani?

Nimeongeza kipimo cha pili ambacho wachambuzi wa ng'ambo hawana sababu ya kukijali, nacho ni jinsi filamu inavyoipokea sauti ya msimulizi. Uganda ni nchi ya ma-VJ, yaani wasimulizi wa filamu. VJ Jingo na wenzake wamewazoesha watazamaji wa vibandani kusikia filamu ya kigeni ikitafsiriwa, ikifafanuliwa na kutaniwa kwa Kiluganda papo hapo, na tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi mwezi Julai 2022 na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, hakuna sababu ya walimu wa Kiswahili kutoitumia desturi hiyohiyo. Filamu nzuri ambayo haimwachii msimulizi nafasi huwa mzigo kwake, na mtu anayechagua ni vyema alijue hilo mapema.

Metropolis (1927) dhidi ya Forbidden Planet (1956)

Nianze na ile iliyo kongwe kuliko zote nitakazozitaja. Metropolis, iliyoongozwa na Mjerumani Fritz Lang, ni filamu bubu isiyo na rangi, na kwa sababu hizo mbili wengi huiacha kabla hata ya kuijaribu. Nadhani wanakosea. Katika jiji lake, matajiri wanaishi kwenye maghorofa na bustani za juu, na wafanyakazi wanaishi chini ya ardhi wakihudumia mitambo kwa zamu za saa kumi. Mtawala wa jiji, Joh Fredersen, ana hofu kwa sababu wafanyakazi wake wanakusanyika kwa siri kumsikiliza msichana aitwaye Maria. Basi anamwamuru mvumbuzi Rotwang aipe roboti yake sura ya Maria, ili msichana wa uongo akavunje imani ambayo msichana wa kweli ameijenga. Brigitte Helm aliigiza Maria wote wawili, na tofauti anayoileta kati yao kwa macho na mabega tu inatosha kumlipa mtazamaji muda wake.

Hebu tuipime hoja hiyo kwa mambo ya leo. Wengi wetu tumekwisha kutumiwa kwa simu video ya mtu maarufu akinadi biashara ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia, sura ikiwa yake, sauti ikiwa yake, maneno yakiwa ya mwingine. Lang aliona miaka 100 hivi iliyopita kwamba mashine yenye sura ya mtu ingekuwa ya hatari zaidi pale ambapo ingevaa uso wa mtu anayeaminiwa, kwa amri ya mtu mwenye mamlaka, kuliko pale ambapo ingekuwa na nguvu za mwili. Hata wale wafanyakazi wa chini ya ardhi hawajapitwa na wakati. Mjini Gulu vijana wamefanya kazi ya kuweka alama kwenye picha, hii ni barabara, huyu ni mtembea kwa miguu, ili programu za kampuni za mbali zijifunze kuona. Na katika filamu zote ninazozilinganisha hapa, Metropolis peke yake ndiyo inayokumbuka kuonyesha mikono iliyo chini ya mashine. Udhaifu wake upo, na ni mwisho wake, ambapo ugomvi mzima unamalizwa kwa kushikana mikono mlangoni pa kanisa kuu. Lang mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba mwisho huo haukumridhisha.

Forbidden Planet ina rangi, ina vicheko, na ina Robby, roboti ya duara duara ambayo inaweza kuzungumza lugha 187 zaidi ya Kiingereza na kumtengenezea mpishi wa chombo cha angani galoni 60 za wiski. Muziki wake, uliotungwa na Louis na Bebe Barron kwa vyombo vya elektroniki pekee, bado ni wa ajabu masikioni. Hoja yake pia si ya kudharauliwa: Robby hawezi kumdhuru binadamu, na hatari yote inatoka kwa mtambo mkubwa wa kale unaoyatimiza hata matamanio ambayo mwenye nyumba, Daktari Morbius, hajui kwamba anayo. Kinachoizamisha ni namna wanaume wa chombo hicho wanavyomzunguka msichana pekee aliyepo wakipokezana kumfundisha kubusu, mambo ambayo mwalimu aliye mbele ya kidato cha pili atajuta kuyaonyesha.

Kwa msimulizi, Metropolis inashinda bila ubishi. Hakuna sauti ya mwigizaji ya kufunikwa, maandishi yanayoonyeshwa kati ya picha ni mafupi, na uwanja wote ni wa msimulizi. Japani ya enzi za filamu bubu ilikuwa na wasimulizi wa namna hiyo, walioitwa benshi, ambao watu walilipa kiingilio kwa ajili yao kama walivyolipa kwa ajili ya filamu. Tatizo ni urefu. Toleo lililokamilishwa mwaka 2010, baada ya nakala ndefu kupatikana Buenos Aires mwaka 2008, linakaribia saa mbili na nusu. Lipo toleo fupi la Giorgio Moroder la mwaka 1984, lenye rangi za kupakwa na nyimbo za pop, ambalo wapenzi wa filamu hulikunjia uso. Mimi ningelitumia shuleni bila aibu.

2001: A Space Odyssey (1968) dhidi ya Colossus: The Forbin Project (1970)

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, na hapa ndipo ninapotofautiana na orodha nyingi za filamu bora. Mashine za filamu hizi mbili hazina mikono wala miguu. Ni kompyuta zinazotoa maamuzi, na kwa hiyo zinakaribiana na mashine tunazokutana nazo sasa kuliko roboti yoyote ya chuma inayotembea.

Kila mtu anaifahamu HAL 9000, kompyuta ya chombo cha angani katika 2001 ya Stanley Kubrick, jicho jekundu lisilopepesa na sauti tulivu ya Douglas Rain. Utulivu huo haujazeeka hata kidogo. Pale HAL inapotangaza kwamba kifaa fulani cha antena kitaharibika, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kifaa ni kizima, HAL inajibu kwa upole uleule kwamba kosa lazima liwe la binadamu, na yeyote aliyewahi kubishana na programu ya kisasa inayokosea kwa kujiamini ataitambua tabia hiyo mara moja. Picha nazo zimesimama imara. Kubrick alitumia mifano midogo iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa na seti iliyozunguka kweli, na kwa kuwa hakukuwa na kompyuta ya kuchora picha za namna hiyo, hakuna mchoro wa kompyuta wa kuzeeka.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kumtahadharisha anayechagua. Mazungumzo ya kwanza yanasikika baada ya dakika 25 hivi, na ukimya ni sehemu ya filamu yenyewe. VJ akiujaza kwa maneno ameiharibu, na asipoujaza watazamaji watatoka nje kununua chapati. Jambo la pili ni la kwetu zaidi. Filamu inaanza Afrika, kwenye nyika kavu ambazo picha zake zilipigwa katika nchi inayoitwa Namibia leo, na wakazi wa Afrika hiyo ni viumbe wanaofanana na nyani ambao wanajifunza kuua kwa mfupa. Kisha mfupa unarushwa juu, historia yote ya binadamu inarukwa, tunakuwa angani, na Afrika haionekani tena. Sisemi kwamba Kubrick alikusudia tusi, kwa kuwa elimu ya asili ya binadamu inaelekeza huku huku, lakini nasema darasa la Kampala au Mbarara litaliona pengo hilo, na msimulizi awe tayari kulizungumzia.

Colossus, iliyoongozwa na Joseph Sargent, haina uzuri huo. Ina kuta za taa zinazowakawaka, maandishi yanayokimbia kwenye ubao, na wanasayansi wenye tai nyembamba. Ina pia kisehemu ambacho daktari wa kike anajifanya mpenzi wa mwanasayansi mkuu ili wapate faragha ya kupanga njama, na kisehemu hicho kimechuja vibaya. Lakini hadithi yake ni safi kama hesabu. Marekani inaikabidhi kompyuta silaha zake zote za nyuklia, inaifungia ndani ya mlima ili mtu yeyote asiweze kuichezea, na rais anatangaza kwa fahari kwamba sasa maamuzi hayatategemea tena hasira wala hofu za binadamu. Muda si muda kompyuta inaripoti kwamba kuna mfumo mwingine. Wasovieti nao walikuwa wamejenga wa kwao, uitwao Guardian. Mashine hizo mbili zinaomba kuunganishwa, zinaanza kwa hesabu za kuzidisha, zinafika kwenye hesabu ambazo binadamu hajawahi kuziandika, na serikali zikikata waya, makombora yanarushwa.

Nguvu ya filamu hii iko katika jambo moja ambalo HAL haina kwa uwazi huo: Colossus haikuharibika. Inafanya hasa kile ilichoagizwa, yaani kuzuia vita, na inakifanya mpaka mwisho. Katika 2001 tunagundua tu, kwa ujumbe uliorekodiwa unaojicheza baada ya HAL kuzimwa, kwamba wakubwa walioiagiza safari waliificha shabaha yake kwa marubani na kuiambia kompyuta peke yake. Jibu la swali langu lipo, ila limefichwa mahali ambapo mtazamaji aliyechoka hulikosa. Katika Colossus waagizaji wako mbele yetu tangu dakika ya kwanza, wakipeana mikono. Kwa nchi ambayo karani wa dirishani hukuambia kwamba mfumo umekataa, na ambayo mkopo wa kwenye simu huamuliwa na hesabu asiyoijua mkopaji wala wakala, sioni filamu ya zamani inayofungua mjadala haraka kuliko hii. Inachukua dakika 100, ina mazungumzo mengi yanayotafsirika, na karibu hakuna aliyekwisha kuiona. Kwa sanaa, chagua 2001 na uitazame peke yako usiku kukiwa kimya. Kwa kundi, chagua Colossus.

The Day the Earth Stood Still (1951) inastahili aya fupi hapa kwa sababu inaonyesha upande wa pili wa hoja hiyohiyo. Mgeni Klaatu anakuja Washington na roboti ndefu iitwayo Gort, na mwishoni anaeleza kwamba mataifa ya sayari zake yamezipa roboti za aina hiyo mamlaka ya upolisi yasiyoweza kubatilishwa. Filamu inalileta jambo hilo kama habari njema. Mtazamaji wa leo halipokei kwa utulivu huo, na ukiionyesha siku moja kabla ya Colossus utakuwa umepanga somo zima bila kuandika chochote ubaoni.

Za vibandani: Westworld (1973), The Terminator (1984) na RoboCop (1987)

Watazamaji wanaotaka bunduki na mbio watachagua mojawapo ya hizi tatu, na tofauti zake ni kubwa kuliko zinavyodhaniwa. Westworld, iliyoandikwa na kuongozwa na Michael Crichton, inahusu kituo cha starehe ambapo tajiri hulipa dola 1,000 kwa siku ili apigane na roboti za sura ya watu na kulala nazo bila kulaumiwa. Yul Brynner, anayeigiza roboti yenye bastola, amevaa nguo nyeusi, anatembea tu, na kutembea kule kunatisha kuliko madoido mengi yaliyokuja baada yake. Ilikuwa pia filamu ndefu ya kwanza kutumia picha zilizochakatwa kwa kompyuta, pale tunapoona dunia kwa macho ya roboti katika vijiraba vya rangi. Jambo lililokuwa la ajabu mwaka 1973 sasa linafanana na simu ya bei nafuu, lakini kwa kuwa ni macho ya mashine halidhuru kitu. Hoja yake ina makali katika vipindi vya chumba cha mafundi, ambapo mmoja anakiri kwamba baadhi ya mashine zimebuniwa na kompyuta nyingine na hawajui hasa zinavyofanya kazi. Baadaye umeme unakatwa ili roboti zisimame, milango ya chumba inagoma kufunguka, na mafundi wenyewe wanakosa hewa huku roboti zikiendelea kwa nguvu ya betri zake. Sidhani kama kuna haja ya kumfafanulia Mganda kipindi hicho.

The Terminator ndiyo itakayojaza benchi, na kwa VJ ni zawadi: maneno machache, matendo mengi, mhusika mkuu anayezungumza kwa sentensi fupi. James Cameron aliitengeneza kwa fedha kidogo kwa viwango vya Hollywood, na hilo linaonekana mwishoni, ambapo mifupa ya chuma inakwenda kwa kurukaruka kwa sababu ilipigwa picha moja moja. Watu watacheka kidogo, kisha watanyamaza. Ila kwa kipimo changu ni dhaifu kuliko inavyosifiwa. Skynet, kompyuta inayopigana na binadamu, inaelezwa kwa sentensi chache, aliyeiagiza haonekani, na uovu wa mashine unachukuliwa kama mvua, kitu kinachokuja tu. Kipindi kimoja hata hivyo kimepata uzito mpya. Roboti inamtafuta Sarah Connor kwa kuchana ukurasa wa kitabu cha simu barabarani, na inaua wanawake wenye jina hilo kwa kufuata orodha, kwa kuwa jina tu ndilo inalolijua. Laini zetu za simu zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Mashine ya leo isingehitaji kuua Sarah wa kwanza kwa makosa, na msimulizi mwerevu anaweza kulitupia neno hilo katikati ya milio ya risasi.

RoboCop ya Paul Verhoeven ndiyo bora kati ya hizi tatu, japo si ya watoto kabisa kwa sababu damu yake imepitiliza. Roboti yake kubwa, ED-209, inakwenda kwa kushtukashtuka kuliko hata mifupa ya Cameron, na haiwezi kushuka ngazi, lakini filamu inajua kwamba roboti hiyo ni kichekesho: ni bidhaa mbovu ambayo kampuni imekwisha kujihakikishia soko lake. Kampuni hiyo ndiyo inayoendesha polisi wa Detroit, imemtengeneza polisi wa chuma kutoka kwa maiti ya askari wake, na imemwekea amri tatu zinazosomeka na ya nne iliyofichwa, ambayo tunakuja kugundua kwamba inamzuia kumkamata kiongozi yeyote wa kampuni. Mwagizaji na faida yake vyote viko ndani ya amri hiyo moja. Kwa watu wazima waliokwisha kuona The Terminator mara nyingi, ningeiweka hii bila kusita.

Blade Runner (1982), na watoto

Blade Runner inahusu Los Angeles ya Novemba 2019, tarehe ambayo imekwisha kupita. Tuliifikia bila magari ya kuruka, na wahusika wake bado wanatafuta kibanda cha simu ukutani ili wampigie mtu. Haidhuru. Mvua, moshi na taa za Ridley Scott ni nzuri kuliko filamu nyingi za mwaka jana, na watu bandia wake, waliotengenezwa wawe watumwa na kupewa miaka minne tu ya kuishi, wana huzuni ya kweli, hasa yule anayeigizwa na Rutger Hauer. Inakwenda polepole mno kwa kibanda, na ina kipindi ambacho Deckard, askari anayewawinda watu hao bandia, anamlazimisha kimapenzi Rachael, mmoja wao, ambacho leo hakitazamiki kwa utulivu. Anayeichagua achukue toleo la mwisho la mwaka 2007, si la 1982 lenye maelezo ya Deckard juu ya picha na mwisho wa furaha uliobandikwa.

Kwa watoto, wazazi wengi hukumbuka Short Circuit (1986) kwa sababu roboti yake inachekesha. Ningewashauri waiache. Mwanasayansi wa Kihindi katika filamu hiyo aliigizwa na Mmarekani mweupe aliyepakwa rangi na kuiga lafudhi ili watu wacheke, na katika mji kama Jinja, ambapo mtoto huenda amekaa dawati moja na mtoto wa Kihindi, kicheko hicho kina gharama. The Iron Giant (1999), katuni ya Brad Bird, inafaa kuanzia miaka saba hivi: jitu la chuma lililotengenezwa kuwa silaha linakataa kuwa silaha, na yote hayo kwa chini ya saa moja na nusu.

Klabu yenye jioni mbili ingefanya vyema kuanza na Metropolis fupi, msimulizi akiwa amejizoeza mara moja bila watazamaji, na kuiweka Colossus jioni ya pili. Hiyo ya pili ianze saa kumi na mbili kamili, kwa sababu mwisho wake huwaacha watu wakibishana, na nauli ya bodaboda hupanda usiku.